Mfuko wa dawa wa mzee, kabla ya kuongeza kidonge kingine

Katika kliniki yangu ya magonjwa ya ndani, mzee anayekuja kwa mara ya kwanza huombwa aje na dawa zote anazotumia, ziwe za hospitali, za duka la dawa au za miti shamba, zikiwa ndani ya mfuko mmoja. Mara nyingi mfuko huo hunieleza mengi kuliko cheti chake.

Bibi mmoja wa miaka 76, mwenye presha na kisukari, aliletwa na mjukuu wake baada ya kuanguka mara mbili usiku akielekea msalani. Nilipomimina mfuko mezani nilikuta amlodipini, dawa ya presha, ya aina mbili zenye majina tofauti ya kibiashara, furosemidi ya kuongeza mkojo, glibenklamidi ya kushusha sukari, na pakiti ya diklofenaki, dawa ya maumivu, iliyokatwa kwa mkasi hadi jina likabaki nusu. «Hizo ni za magoti, mwanangu,» aliniambia. «Bila hizo siinuki kuswali.»

Hakujua kwamba alikuwa akimeza amlodipini maradufu. Dawa hiyo hulegeza mishipa ya damu, na kipimo kikizidi, miguu huvimba kwenye vifundo. Uvimbe wa namna hiyo hautokani na mwili kujaa maji, kwa hiyo furosemidi aliyoandikiwa mahali pengine haikuuondoa, bali ilimwamsha usiku kukojoa na kumpunguzia maji na madini ya potasiamu. Diklofenaki nayo hubakiza chumvi mwilini, hupandisha presha na huumiza figo, hasa ikikutana na dawa ya kuongeza mkojo. Figo zikidhoofika, glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari hushuka mno. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba dawa hiyo haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60. Sukari ikishuka, mzee huenda asitokwe jasho wala kutetemeka kama kijana, bali achanganyikiwe tu, na watu wa nyumbani wakadhani ni uzee.

Nilimpima presha akiwa ameketi, nikapata 148/82, kisha akiwa amesimama kwa dakika tatu, nikapata 118/70. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, au ya chini kwa 10, hatari ya kuanguka ni kubwa. Kipimo hiki hakihitaji kifaa kipya, na inanisikitisha kwamba wazee wengi hawajawahi kufanyiwa.

Baada ya kuchunguza moyo na figo, nilimbakizia amlodipini moja, nikasimamisha furosemidi na diklofenaki, na nikabadilisha dawa ya kisukari. Familia zisiondoe dawa zenyewe, kwa kuwa kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, furosemidi hiyohiyo ndiyo inayomwezesha kupumua akilala. Wanachoweza kufanya ni kuuliza kila dawa mpya inapoandikwa kama inatibu ugonjwa au inatibu madhara ya dawa nyingine.

Bibi aliporudi baada ya wiki tatu, miguu ilikuwa imenywea na hakuwa ameanguka tena. Magoti bado yanamsumbua. Anatumia parasetamoli, anafanya mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa ameketi, na kwa sasa anaswali kwenye kiti.