"Mfumo umekamilika, bado mahitaji": dhana potofu kuhusu shahada ya mifumo ya taarifa

Jumatatu asubuhi aligonga mlango wangu mwanafunzi wa mwaka wa tatu, laptopu mkononi, uso unang'aa. "Shikamoo Madam. Mfumo umekamilika. Imebaki kukusanya mahitaji tu."

Niliweka kalamu chini. Ninafundisha na kusimamia miradi ya shahada ya mifumo ya taarifa hapa Dodoma, na kauli hiyo naisikia kila msimu wa miradi. Mtu anajenga kwanza, kabla ya kujua watumiaji wanahitaji nini. Kisha anaandika dodoso la maswali kumi, anawagawia wenzake wa bwenini, anachora duara la asilimia, na kwenye ripoti anaandika kwamba watumiaji wengi wameonyesha kuuhitaji mfumo. Hao watumiaji ni zahanati au soko au SACCOS ambayo hajawahi kukanyaga. Nimechoka kuyasahihisha haya kwa kalamu nyekundu mmoja mmoja, basi nayaandika hapa.

"Fani hii ni kuandika programu, hayo mengine ni maneno matupu"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote, na ndiyo iliyomleta kijana wangu mlangoni.

Mfumo wa taarifa ni watu, kazi wanazofanya, taarifa wanazopeana, taratibu wanazozifuata, na ndani yake, pale zinapohitajika, kompyuta na programu. Zahanati yenye madaftari ya MTUHA, yale ya serikali ya kuandikia taarifa za huduma za afya, kalamu iliyofungwa kwa kamba na muuguzi anayejua daftari lipi lijazwe saa ngapi, ina mfumo wa taarifa uliokuwepo kabla wewe hujazaliwa. Huendi pale kuweka mfumo mahali pasipo na mfumo. Unakwenda kugusa mfumo ulio hai, na usipoujua utauvunja.

Tazameni fani yenyewe ilivyoanza. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za ofisi za biashara kwa ratiba ya kawaida iliitwa LEO, na haikuwa ya benki wala ya jeshi. Ilikuwa ya J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyouza chai, mikate na keki. Novemba 1951 ilianza kupiga hesabu za thamani ya bidhaa za viwanda vyao vya mikate. Lakini kampuni ile ilikuwa na ofisi ya kuchunguza mifumo ya kazi tangu miaka ya 1930, yaani watu walikwishakaa miaka mingi wakifuatilia karatasi moja inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani na kwa nini. Mashine ilipokuja ilikuta kazi inaeleweka. Wanafunzi wangu wanataka kuanzia 1951 bila kupitia hiyo miaka ya nyuma.

Upande wa pili uko London, Oktoba 26, 1992. Huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji lile iliwasha mfumo mpya wa kupanga gari lipi liende wapi. Mfumo ulitegemea kujua kila wakati gari liko wapi na linafanya nini, na wafanyakazi walitakiwa wabonyeze vitufe sahihi kwa mpangilio sahihi katikati ya dharura. Taarifa zilipoanza kupungua, mfumo ukawa unatuma gari lisilo karibu, mengine yanakwenda mawili mahali pamoja, watu wanapiga simu tena na tena, na foleni inazidi. Siku chache baadaye, Novemba 4, ukasimama kabisa kwa sababu ya kosa dogo kwenye programu, wakarudi kwenye karatasi. Kosa la programu lilikuwepo, silifichi. Ila uchunguzi uliofuata uliandika kurasa nyingi kuhusu mafunzo hafifu, haraka ya kuzindua na wafanyakazi ambao hawakuwa na imani na kile walicholetewa. Mwanafunzi akiisoma habari hii, swali lake la kwanza kwangu huwa ni "Madam, walitumia lugha gani ya programu?"

Turudi nyumbani. Miaka michache iliyopita kikundi changu kimoja kilijenga mfumo wa mapokezi kwa ajili ya zahanati moja nje kidogo ya mji. Skrini safi, rangi zimepangika. Sehemu ya tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya lazima: siku, mwezi, mwaka, la sivyo huendelei mbele. Akaja bibi. Anajua alizaliwa mwaka wa njaa, kabla ya uhuru, basi. Ugogo miaka imehesabiwa kwa njaa vizazi na vizazi; ile ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, wazee wameirithisha jina mpaka leo. Muuguzi ana foleni ya akina mama na watoto wanaolia. Alifanya nini? Aliandika Januari 1 na mwaka aliokisia. Na anayefuata hivyo hivyo. Baada ya mwezi, ukitazama hifadhidata, unakuta nusu ya wazee wa kata wamezaliwa siku moja, na ukichora umri wao, vilele vimesimama kwenye namba zinazoishia na sifuri na tano. Kikundi kikasema muuguzi ni mzembe. Hapo nilipandisha sauti, na sijutii. Muuguzi hakukosea. Fomu ndiyo iliyomlazimisha aseme asichokijua.

Dawa yake ni ndogo mno: sehemu ya umri wa kukadiria, na alama kwamba hii ni kadirio. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, uliotumika mapema kule Eldoret, Kenya, unayo alama hiyo ya kukadiria. Haikuwekwa kwa sababu mtu alijua kuandika programu vizuri. Iliwekwa kwa sababu mtu alielewa nani anakaa mbele ya meza ya mapokezi.

Kikundi kilekile kilitumia namba ya simu kama kitambulisho cha mgonjwa. Mama analeta watoto watatu kwa namba moja, tena namba yenyewe ni ya mume. Na kwa kuwa madaftari ya MTUHA hayakuondolewa, muuguzi sasa aliandika kila kitu mara mbili, kitabuni na kwenye kompyuta. Wiki ya tatu kompyuta ikafunikwa kitambaa. Ingekuwa mimi ni yeye, ningeifunika siku ya pili.

Basi kila mwanafunzi ninayemsimamia namwambia hivi, na hapa siregezi. Siku tatu kazini kwa watu, bila laptopu. Nenda na barua ya chuo, jitambulishe kwa mganga mfawidhi au kiongozi wa mahali, nunua daftari la kaunta. Siku ya kwanza usiulize kitu zaidi ya salamu. Kaa, andika kila karatasi inayopita: nani kaiandika, nani kaisoma, imeishia kabati gani. Siku ya pili uliza, lakini usiulize "changamoto zenu ni zipi," maana utajibiwa kwa adabu na hutapata kitu. Uliza juu ya tukio: mara ya mwisho daftari lilipojaa mlifanyaje? Jana yule aliyekuja bila kadi mlimwandika wapi? Siku ya tatu peleka mchoro wako kwenye karatasi, umpe muuguzi kalamu yake mwenyewe aukosoe. Akikata mistari yako, umefaulu. Mtaalamu wa kompyuta Peter Chen alitoa mchoro wa vitu na mahusiano (ER) mwaka 1976 ili watu wafikiri kabla ya kujenga. Ninyi mnajenga kwanza, kisha programu inawachorea, mnaubandika sura ya tatu ya ripoti.

Yule kijana wa Jumatatu nilimrudisha. Hakufurahi. Alhamisi alinipigia simu akiwa zahanati, sauti ya chini: "Madam, kumbe kuna daftari la nne. Ofisi waliniambia ni matatu." La nne liko kwenye droo. Humo wanaandikwa waliotibiwa bila hela, watakaoleta wakivuna. Mfumo wake "uliokamilika" haukuruhusu mtu atoke dirisha la dawa bila kulipa. Angewazindulia kitu ambacho wiki ya kwanza tu kingewafukuza wagonjwa mlangoni.

"Ni fani ya walioikimbia hesabu"

Hapana. Ni kweli vyuo kadhaa hupokea waliosoma tahasusi mbalimbali, na sifa za kila chuo ziko kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, usomeni wenyewe badala ya kuuliza mtaani. Lakini hesabu utaikuta ndani. Hifadhidata zote za majedwali mnazofundishwa zimejengwa juu ya makala ya Edgar Codd ya mwaka 1970, akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM, na makala ile ni nadharia ya seti na mantiki. Asiyeelewa seti anaunganisha jedwali la wagonjwa na la mahudhurio, anahesabu safu, na mgonjwa mmoja aliyefika mara tatu anakuwa wagonjwa watatu kwenye ripoti ya wilaya. Kompyuta haitamwonya, kwa sababu swali lake ni halali. Limeuliza kitu kingine tu. Takwimu nazo msizikariri kwa madesa, yaani notisi za kurithi, ya mwaka jana.

"Bila laptopu ya bei mbaya huwezi kusoma"

Wazazi wanauza mbuzi kwa dhana hii. Wengine bumu lote, ile fedha ya mkopo wa chuo, linaishia dukani wiki ya kwanza, halafu mtoto anashindia chai. Kwa kazi nyingi za shahada hii laptopu iliyotumika inatosha, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. PostgreSQL ni ya bure. SQLite ni ya bure na hifadhidata nzima ni faili moja. Ukiwa na hela kidogo ya ziada, nunua betri nzima na flashi ya kuhifadhia nakala. Kila mwaka kuna anayelia mbele yangu kwamba mradi umepotea na laptopu.

"Ni fundi kompyuta aliyesoma"

Mjomba akisikia unasoma mifumo ya taarifa anakuletea printa. Mheshimu, itazame, lakini muelezee. Mfano ninaoupenda ni ile kumbukumbu namba (control number) ya malipo ya serikali. Mtu anaona namba tu, analipa kwa simu, yamekwisha. Mwanafunzi wetu anatakiwa aone kilichobadilika nyuma: namba ile imefunga pamoja mdaiwa, taasisi, aina ya malipo na kiasi, kwa hiyo mhasibu halazimiki tena kukaa na rundo la stakabadhi za benki akibahatisha fedha hii ni ya nani. Kazi ya kusuluhisha hesabu imehamia kwenye muundo wa taarifa. Kuliona hilo, na kuweza kulibuni kwa ajili ya SACCOS ya walimu au kwa mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa, ndiyo kazi yako.

"Serikali imehamia Dodoma, kazi zipo nje nje"

Uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma ni wa 1973, wizara zimehamia kwa kasi tangu 2016, na sasa Mtumba ni mji wa serikali, hata Mamlaka ya Serikali Mtandao makao yake yako hapa. Yote kweli. Lakini ajira za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi yanatumwa mtandaoni, kuna usaili wa kuandika na wa ana kwa ana, na aliyesoma Mbeya au Mwanza anaomba sawa na wewe unayeliona jengo la wizara kutoka dirisha la bweni. Ukaribu unakusaidia kwenye fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini: hulipi kodi mji mgeni, na unaweza kurudi ofisini kwao hata baada ya wiki nane kwisha. Utumie huo. Na msizibe macho kwa wizara peke yake. Wakamuaji wa alizeti Singida na wakulima wa zabibu wa hapa wanaweka kumbukumbu kwenye madaftari yanayoraruka, na hakuna aliyekwenda kukaa nao.

"Akili bandia itaandika kila kitu, tunasoma nini?"

Itaandika programu, ndiyo, na mara nyingi vizuri kuliko mwanafunzi wa mwaka wa pili. Itumieni, na mseme wazi mmeitumia. Lakini iambie ikutengenezee mfumo wa mapokezi ya zahanati, utaona: tarehe ya kuzaliwa ya lazima, namba ya simu, malipo kabla ya dawa. Haijawahi kufungua ile droo.

Ninachokataza kabisa ni kubandika humo taarifa za wagonjwa halisi ili ikusafishie data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na inatumika, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa uzito zaidi. Bibi yule alimtajia muuguzi jina na ugonjwa wake, hakukutajia wewe. Tengeneza safu ishirini za kubuni, zenye majina ya kubuni na umri wa kukadiria, uzitumie hizo kujaribia. Usiku mmoja unatosha kuziandika.