Tundu la ushanga wa Krobo limekaa upande, na sio kosa la fundi

Wiki iliyopita dada mmoja kanirudishia mkufu, anasema shanga ni mbovu, tundu limekaa upande na ndani kuna unga mweupe unachafua uzi. Nikacheka kidogo, maana hayo aliyokuwa analalamikia ndo mimi nayatafuta nikienda kununua.

Hizi shanga zinatoka Ghana kwa Wakrobo, pande za Odumase na Somanya, kaskazini mashariki mwa Accra. Malighafi ni chupa tu, za bia, za soda, hata vioo vya dirisha vilivyovunjika. Fundi anaziosha, anatwanga kwa mchi wa chuma mpaka zinakuwa unga laini kama sembe, anachekecha, halafu anajaza kwenye kalibu ya udongo yenye vishimo vidogo vidogo, kila kishimo ushanga mmoja. Ila kalibu inapakwa kaolini kwanza, ule udongo mweupe, ili kioo kikilainika kisigande. Ndo huo unga mweupe dada yangu, sio uchafu.

Sasa tundu. Katikati ya kila kishimo wanachomeka kipande cha kikonyo cha jani la muhogo, yaani kile kijiti tunachokitupa tukichambua kisamvu! Kalibu ikiingia tanurini unga wa kioo unashikana, kijiti kinaungua kinaisha, pale kilipokuwa ndo panabaki tundu. Kijiti kikilala kidogo na tundu linalala, basi, hakuna mtu anapima na rula pale.

Zile zinazopitisha mwanga ni habari nyingine, haziwi unga, ni vipande vya chupa vimepangwa kwenye kalibu vikayeyuka, na hapo kijiti hakifai, fundi anatoa kalibu ikiwa bado nyekundu anatoboa kwa chuma chenye ncha huku chuma kingine kinauzungusha ushanga mpaka unakuwa mviringo. Anazo sekunde chache tu kabla kioo hakijakaza. Mimi nikiangalia pale nashindwa hata kupumua.

Tanuri lenyewe linajengwa kwa udongo wa kichuguu maana unahimili moto, na maganda ya kokwa za mawese yanatumika kama kuni. Kuhusu rangi, chupa ya kijani inatoa kijani, ya kahawia inatoa kahawia, wakitaka nyekundu au njano kali wanachanganya unga wa kioo na rangi za kauri. Michoro inachorwa kwa unga wa kioo uliokorogwa na maji halafu ushanga unarudi tena motoni, kwa hiyo ukipitisha kidole utasikia mstari umeinuka kidogo. Feki za plastiki hazina hiyo, na hata uzito hazina, gonga kwenye jino utajua mwenyewe.

Na msidhani ni vitu vya watalii tu, Wakrobo wana dipo, sherehe ya kumvusha binti kuwa mwanamke, hapo binti anavalishwa shanga shingoni na kiunoni mpaka unamhurumia kwa uzito, nyingine za kurithi toka kwa bibi. Ukitaka kununua nenda soko la Agomanya Jumatano au Jumamosi, au Koforidua Alhamisi, wahi asubuhi.

Kwa mnaotunga wenyewe: loweka shanga kwenye maji usiku mzima, pitisha msasa mwembamba wa duara ndani ya tundu ukiwa umelowa (usisugue kavu, vumbi la kioo sio la kuvuta), suuza, kausha. Uzi mwembamba wa nailoni achana nao, kingo za tundu zitaukata, tumia uzi mnene uliopakwa nta na funga fundo kila baada ya shanga mbili tatu.

Mkufu wa yule dada nimeshautunga upya hivyo hivyo. Bei haijabadilika, aje auchukue.