Mpira wa manati: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akitaka manati ya kuwindia, jambo la kwanza ni kutafuta mpira mnene kuliko yote atakayoiona. Anauvuta kwa shida, mkono unamtetemeka, kokoto inampita tetere pembeni. Au mbaya zaidi, inamgusa ubawani, naye anaruka kwenda kufia kichakani. Mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu mpira wa manati huishia hapo, kwenye mnyama aliyejeruhiwa bure, na hilo linaniuma.

"Mpira mnene ndio wenye nguvu"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Gololi hupata kasi kwa sababu mpira unarudi upesi. Upesi huo hutegemea aina ya mpira na umevutwa mara ngapi ya urefu wake. Kwa gololi ndogo, unene hauongezi mbio sana. Mpira ulionenepa mara mbili ni mgumu kuvuta mara mbili, lakini unaporudi unaburuta pia uzito wake wenyewe. Faida yake ni kuweza kusukuma kitu kizito zaidi. Wapiga mbizi wa pwani wanaopiga samaki kwa bunduki ya mpira hutumia mrija mnene wa milimita 14 au 16, kwa kuwa unasukuma mshale wa chuma ndani ya maji. Ufunge mpira wa namna hiyo kwenye manati yenye kokoto ndogo, na nguvu karibu yote itaishia kwenye mpira wenyewe.

Tazama hesabu. Gololi ya chuma ya milimita 9.5 ina uzito wa gramu 3.5 hivi. Ikitoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde, inabeba nguvu ya jouli 6.3 (jouli ni kipimo cha nguvu inayobebwa na kitu). Kasi ikishuka hadi mita 45 zinabaki jouli 3.5 tu: umepoteza robo ya kasi na karibu nusu ya nguvu. Mpira usioweza kuuvuta hadi mwisho unakunyang'anya hiyo kasi, hata kama dukani ulionekana wa kutisha.

Basi anza na mkono wako. Pima kutoka kwenye panda hadi shavuni unapofikisha ngozi inayoshika gololi. Ikiwa ni sentimita 80, gawa kwa tano, ili mpira uvutike mara tano ya urefu wake: mpira ulio huru kati ya vifundo viwili uwe sentimita 16 hivi. Halafu chagua unene unaoweza kuuvuta na kuushikilia kwa utulivu wakati unalenga. Ukitetemeka, punguza.

"Tyubu ya baiskeli inatosha"

Kwa kuangusha maembe, sawa. Wengi wetu tulikulia kwenye panda la mpera, vipande vya tyubu na ngozi ya kiatu kilichokufa. Lakini tyubu nyingi nyeusi za leo zimetengenezwa kwa butili, mpira wa kiwandani uliobuniwa Marekani mwaka 1937 na kupendwa kwa sababu hauvujishi hewa. Sifa hiyo haimsaidii mwindaji. Butili ikivutwa hurudi kwa uvivu, na sehemu kubwa ya nguvu uliyoiweka inageuka joto. Utomvu halisi wa mti wa mpira, yaani lateksi, hurudisha karibu yote uliyoupa. Kwa mvuto uleule wa mkono, tofauti utaiona gololi inapofika.

"Mrija ni bora kuliko mpira bapa," au kinyume chake

Hapa watu hugombana bure, kwa sababu kila mmoja ana kazi yake. Mpira bapa wa lateksi, hasa ukikatwa mpana upande wa panda (milimita 25, tuseme) na mwembamba upande wa ngozi (15 hadi 18), ndio wenye kasi. Sehemu iliyo karibu na ngozi ndiyo inayokimbia zaidi, kwa hiyo ikiwa nyepesi, gololi inapata zaidi. Gharama yake ni umri. Ukiukata kwa mkasi butu ukaacha kijino pembeni, utachanikia hapohapo. Tumia wembe mpya na rula, ukate kwa mkupuo mmoja.

Mrija hauna kingo za kuchanika, hivyo hudumu zaidi na huvumilia miiba na vumbi. Mtu anayekaa porini siku nzima ningemshauri mrija. Anayepiga risasi chache kwa makini, bapa. Mrija unaweza pia kukunjwa ukawa maradufu upande wa panda tu na kubaki mmoja upande wa ngozi, ukapata faida ileile ya mpira uliopunguzwa.

Namba za mirija nazo zinapotosha. Wapo wanaodhani 2040 ni mkubwa kuliko 1745 kwa sababu namba ni kubwa. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa tundu, mbili za mwisho ni upana wa nje: 1745 ni tundu la milimita 1.7 na nje 4.5. Huo una mpira mwingi zaidi ya 2040, ambao nje yake ni milimita 4 tu, na ni mgumu zaidi kuvuta.

"Paka mafuta ulainike"

Usipake. Mafuta ya taa, oili na mafuta ya mgando huvimbisha lateksi na kuiozesha. Jua nalo linaimaliza. Ihifadhi gizani, ikiwa kavu, na uikague kabla ya kila mvuto, hasa karibu na ngozi. Mpira ukikatikia huko hurudi usoni, kwa hiyo vaa miwani.

"Manati ni ya watoto, sheria haihusiki"

Inahusika. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwinda bila kibali ni kosa. Kware na sungura wa porini ni wanyamapori, chombo kiwe bunduki au panda la mpera. Muulize kwanza ofisa wanyamapori wa wilaya yako. Walioko Ujerumani wajue kwamba manati yenye kiegemeo cha mkono ni haramu kuwa nayo.

"Piga popote, ataanguka"

Gololi ya manati huua kwa kishindo, haipenyi kama risasi ya bunduki. Kwa hiyo lengo ni kichwa tu, na kwa umbali wa mita kumi hivi. Mnyama akiwa mbali zaidi au amegeuka, mwache. Kokoto za njiani hazina umbo moja, kila moja inaruka kivyake. Gololi za kioo ni nyepesi mno. Gololi za chuma au za madini ya risasi, zote za ukubwa mmoja, ndizo zinazokuruhusu kulenga kichwa na kukipata.

Kabla ya kwenda porini, tundika kifuniko cha soda mbele ya gunia lililojaa matambara, mita kumi kutoka ulipo. Ukikipiga mara tisa kati ya kumi kwa mpira na gololi zilezile utakazobeba, nenda. Ukikosa, badilisha mpira au punguza umbali, ujaribu tena.