Kanisa la Parokia la Matofali ni Nini? Mfano wa Marienkirche, Lübeck

Kanisa la parokia ni lile ambamo watu wa mji au mtaa mmoja hubatizwa, hufungishwa ndoa na huombewa wanapokufa. Halina kiti cha askofu, na hapo ndipo linapotofautiana na kanisa kuu la jimbo. Katika nchi zinazopakana na Bahari ya Baltiki, kuanzia karne ya 12, makanisa hayo yalijengwa kwa matofali ya kuchoma, kwa sababu mawe laini ya kuchonga ni adimu huko: ardhi ina udongo wa mfinyanzi tele, pamoja na mawe ya matale yaliyoachwa na barafu ya kale, ambayo huishinda patasi.

Tofali likishachomwa halichongeki vizuri. Kila pambo lazima litiwe katika kalibu udongo ukiwa bado mbichi, na ndiyo maana kuta hizi hazina msitu wa sanamu uliozoeleka kwenye makanisa ya mawe ya Ufaransa. Uzuri wake unatokana na mpangilio wa matofali yenyewe, pamoja na safu zilizopakwa rangi ya kung'aa kama kigae. Kwa jicho langu, upungufu huo umegeuka kuwa heshima.

Mfano ulio wazi zaidi ni Marienkirche, yaani Kanisa la Maria, ya Lübeck, Ujerumani, iliyokamilika katikati ya karne ya 14. Wafanyabiashara wa mji waliijenga kando ya soko na ukumbi wa baraza lao, wakaikweza kuliko kanisa la askofu wao. Dari la ukumbi wa kati liko mita 38.5 juu ya sakafu. Uzito wake hushuka kupitia mbavu za matao hadi kwenye nguzo, huku msukumo wa pembeni ukipokelewa na matao ya kuegemeza yaliyo nje, nayo pia ya matofali.

Ndani, utajiri wa waumini ulionekana katika vyombo: birika la ubatizo la shaba nyeusi la mwaka 1337, kazi ya Hans Apengeter, na tabernakulo, yaani kihifadhi cha ekaristi, ya karne ya 15 yenye urefu wa karibu mita 9.5, bila kusahau kinanda kilichopigwa na mtunzi wa muziki Buxtehude tangu 1668.

Mabomu ya Machi 1942 yaliliunguza kanisa, na kengele zilizoanguka zingali zimelala vipande vipande chini ya mnara wa kusini. Moto huohuo ulibandua chokaa na kufichua michoro ya kale ukutani. Lothar Malskat, aliyeajiriwa kuikarabati, alijichorea nyingine mpya kabisa, nazo zikasifiwa kuwa za karne ya 13 mpaka alipokiri mwenyewe mwaka 1952. Zile za upande wa altare zikafutwa.