Maswali na majibu: Waokoaji na "pombe ya kulalia"

Maswali haya huulizwa kliniki na askari wa zimamoto, watu wa Msalaba Mwekundu, wahudumu wa mochwari na wavuvi waliowahi kuopoa miili. Kivuko cha MV Nyerere kilizama Ukara, Ziwa Victoria, mwaka 2018, tope likashuka Hanang Desemba 2023, ghorofa likaanguka Kariakoo Novemba 2024. Waliofukua na kuopoa huko nani aliwauliza wanalalaje?

Nimetoka eneo la ajali wiki iliyopita. Silali, naona maiti. Nimechanganyikiwa?

Hapana. Siku za mwanzo kushtuka, kuota vibaya na kuwa na hasira ni kawaida, na wengi hutulia wakipumzika na kuwa karibu na watu wao. Ukipita mwezi na bado unaota, unakwepa mtaa ule, simu ikiita unaruka kana kwamba inaita chini ya kifusi, huo ni ugonjwa wa kiwewe. Unatibika.

Nikinywa kidogo napata usingizi. Kuna ubaya?

Upo. Pombe si dawa ya usingizi. Inakuzimisha upesi, kisha ikianza kuisha mwilini, saa nane usiku, unaamka umeloa jasho na ndoto zimerudi kwa nguvu. Kesho yake unaongeza. Ninaowapokea walianza na bia mbili baada ya zamu. Wanafika mikono ikitetemeka hata kadi hawawezi kusaini, na bado wananiambia wamekuja kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Mbona kikosini wote wanakunywa na wako sawa?

Nani kakwambia wako sawa? Wamenyamaza tu. Narudia: pombe si dawa ya usingizi, hata mkinywa kikosi kizima. Na wewe mkuu wa zamu unayewanunulia vijana kreti baada ya kuopoa miili, nia yako naielewa, lakini hela hiyo walipie usafiri wa nyumbani, na uwape siku ya kupumzika.

Basi nitumie vidonge, au bangi?

Diazepam, kidonge cha kutuliza, ya kununua dukani bila cheti, ukiichanganya na pombe, inaweza kukuzuia kupumua ukiwa usingizini. Tramadol, ile ya maumivu makali, hali kadhalika. Bangi huwazidishia wengine hofu. Mirungi sina haja ya kuieleza, watu huitafuna wakeshe.

Nimekusikia. Naacha leo.

Subiri kwanza. Kama unakunywa kila siku na asubuhi hutulii mpaka uongeze, usiache ghafla ukiwa peke yako. Ndani ya siku mbili tatu unaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, na wapo wanaokufa. Hospitali tunakupa dawa na kukuangalia mpaka utulie. Ndugu, msimfungie chumbani "pombe imtoke". Leteni mtu hospitali. Maombi yataendelea akiwa wodini.

Nikija si nitaitwa kichaa, nifukuzwe kazi?

Hili ndilo linalowachelewesha, miaka na miaka, mpaka ndoa imevunjika na ini limeharibika. Utakachoambia mhudumu ni siri. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, mara kadhaa. Wengine huongezewa dawa ya sonona na wasiwasi kama fluoxetine, ambayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hailevyi. Kazini anayefukuzwa ni yule aliyekutwa amelewa zamu. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uulize huduma ya afya ya akili. Mvuvi na mtu wa kujitolea pia, hakuna anayehitaji barua ya mwajiri.

Nisisubiri lini?

Ukiwaza kujiua, njoo leo, usingoje Jumatatu. Aliye karibu asimwache mgonjwa peke yake, aondoe sumu, vidonge na silaha, na wafuatane mpaka mapokezi. Na njiani asimpe "kidogo cha kumtuliza".