Dharura ya jicho, sikio, pua, koo na meno: ipi haisubiri kesho

Jino likimuuma mtu usiku wa manane kule Ngamiani, mjini Tanga, nyumba nzima haitalala. Mwingine, mtaa huohuo, anaamka asubuhi jicho moja halioni. Haliumi, halijavimba, halina wekundu. Huyu atakunywa chai yake, atafungua duka, na atasema anasikilizia mpaka Jumatatu. Ukimuuliza daktari nani kati ya hao wawili ana dharura, atakuonyesha mwenye duka.

Dharura ya jicho, sikio, pua, koo, meno au uso ni hitilafu ya ghafla ambayo ikiachwa kwa dakika au saa chache itaziba pumzi, itamwaga damu isiyokatika, au itaondoa kuona na kusikia moja kwa moja, hata mgonjwa apelekwe kwa bingwa gani baadaye. Kipimo chake ni muda uliobaki. Maumivu yanaweza kuwepo, na yanaweza yasiwepo kabisa.

Kuanzia shingoni kwenda juu kila kitu kimebanana. Njia ya hewa ni moja tu, mishipa ya damu ni mingi, na ubongo uko nyuma ya mfupa ambao sehemu nyingine ni mwembamba sana. Jipu ambalo mguuni lingekuwa kero ya wiki moja, likiwa chini ya ulimi linaweza kuua.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuangalia siku zote ni pumzi. Aliyepaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yenu. Wa kuogopewa ni aliyenyamaza: hatoi sauti, ameshika koo, midomo inabadilika rangi. Mwinamishe mbele, umpige kwa kitako cha kiganja mara 5 katikati ya mabega. Bado hakijatoka? Simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, uivute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia hivyo kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka 1 tumbo lake halibonyezwi: analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, anapigwa mgongoni mara 5, kisha anageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Awe mkubwa au mtoto, akizimia, mlazeni chini muanze kumbonyeza kifua mfululizo, mwingine akitafuta gari. Na msitie kidole kooni kutafuta kitu msichokiona, mtakisukuma ndani zaidi.

Mwiba wa samaki ni habari nyingine, na katika mji unaokula changu na tasi kama Tanga hauwezi kurukwa. Dawa ya mezani inajulikana: meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna. Mara nyingine mwiba mdogo huondoka nalo, ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini mwiba uliokwisha kuchoma nyama, tonge linaudidimiza, na ukitoboa mrija wa chakula unaweza kuleta usaha shingoni au kifuani. Anayeongea na kupumua vizuri aache matonge, aende hospitali siku hiyohiyo. Anayetema mate kwa sababu hayamezeki, aliyevimba shingo, au anayeumwa kifua baada ya mwiba, huyo aondoke sasa hivi.

Tukiwa bado kooni, tuseme na kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Mtoto akikohoa wiki kadhaa, kuna watakaowaambia wazazi kwamba kimeo kimekuwa kirefu, kinakwaruza koo, kikatwe kwa fundi wa kienyeji. Nalisema hili bila kumung'unya: kimeo hakikukifanya kifua cha mtoto kiwe na nimonia, pumu wala kifua kikuu, na kukikata hakuponyi hata kimoja. Kinachopatikana ni kidonda nyuma ya mdomo wa mtoto mdogo, damu anayoimeza au kuivuta kwenye mapafu, na kisu kinachoweza kuleta pepopunda. Mtoto aliyekatwa kimeo akawa anatapika damu, amepauka au anameza meza mate bila kupumzika, apelekwe hospitali mbio, na waliompeleka kwa fundi waseme ukweli wakifika. Hakuna muuguzi mwenye muda wa kubahatisha.

Lile jipu la chini ya ulimi huanzia kwenye jino bovu la taya ya chini, mara nyingi magego ya nyuma. Wilhelm Friedrich von Ludwig, daktari wa Ujerumani, aliieleza hali hiyo mwaka 1836, na vitabu vya tiba bado vinaiita kwa jina lake. Dalili zake hazifichiki: chini ya kidevu pamevimba pande zote mbili na pagumu, ulimi umeinuliwa, mdomo haufunguki vizuri, sauti imekuwa nzito, mate yanatiririka. Mgonjwa hataki kulala chali kwa sababu akilala anakosa hewa. Basi msimlaze. Akae, ainame mbele, aende hivyohivyo akiwa amekaa. Vidonge vya kutuliza maumivu na maji ya chumvi ni vya jino linalouma tu; hapa panahitajika dawa za kuchomwa kwenye mshipa wa damu, mara nyingi na upasuaji wa kutoa usaha, na watu wanaoweza kulinda njia ya hewa.

Jicho sasa. Mkoa huu una mawe ya chokaa, una saruji, una mashamba ya mkonge, na kila kimoja kina namna yake ya kupofua.

Chokaa na saruji mbichi ni kali kuliko watu wanavyodhani. Tindikali nyingi huunguza juu na mara nyingi huishia hapo, lakini chokaa huyeyusha na kuendelea kupenya ndani ya jicho. Tiba ya dakika ile ni maji, tena mengi. Kama ni unga mkavu, pangusa kwanza ulio usoni na kwenye kope. Mlaze au mwinamishe mgonjwa kwa upande wa jicho lililoingiwa, ili maji yasilifikie lile zima. Mtu mmoja ashike kope ya juu na ya chini azifungue, maana mwenyewe hawezi, jicho litajifumba tu. Mwingine amimine maji safi kwa jagi, polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje, huku mgonjwa akizungusha jicho juu, chini na pembeni. Vipande vya chokaa hujificha chini ya kope ya juu, igeuzeni mkiweza. Endeleeni dakika 30, hata akisema imetosha, ndipo mwende hospitali. Kukimbia kwanza hospitali ya Bombo na kuoshwa huko ni kuchelewa. Ndimu au siki ya “kuua chokaa” msiitie. Utaratibu huohuo wa maji unatumika kwa dawa ya kutoa madoa na kwa mate ya nyoka aina ya swila aliyemtemea mtu shambani.

Ncha ya jani la mkonge ni kinyume chake. Kitu kilichochoma jicho na kimebaki hakichomolewi, na jicho lililotoboka halioshwi wala halifungwi bandeji ya kukandamiza. Funikeni kwa kikombe kidogo cha plastiki kinachoegemea mfupa wa nyusi na wa shavu, bila kugusa jicho lenyewe. Asile wala kunywa, pengine atahitaji nusukaputi. Maziwa ya mama, asali na maji ya majani viacheni; huingiza vijidudu mahali palipo wazi.

Yule mwenye duka aliyeamka haoni huenda mshipa unaolisha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) kwa damu umeziba, jambo ambalo ni ndugu wa kiharusi, na saa zake zinahesabika. Wengi hukimbilia duka la miwani. Miwani haifungui mshipa. Dharura nyingine ni kuona vimulimuli na kama pazia linashuka upande mmoja, au jicho jekundu linalouma pamoja na kichwa na kutapika, hasa kwa mtu mzima: presha ya macho inaweza kupanda ghafla namna hiyo.

Pua inayotoka damu inatisha zaidi ya inavyodhuru, ikishikwa vizuri. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua (si mfupa) dakika 15 bila kuchungulia, tema damu. Kuinua kichwa juu kunaipeleka tumboni. Ikizidi nusu saa, au mzee anatumia dawa za kuyeyusha damu, nendeni. Pua iliyopigwa ikavimba kwa ndani pande zote mbili na kuziba ionwe siku hiyo: damu iliyokusanyika pale huua gegedu, ule mfupa laini wa pua, na pua hudidimia.

Mdudu aliye hai sikioni huuawa kwa matone ya mafuta ya kula yasiyo ya moto, kama hakuna usaha wala tundu kwenye ngoma ya sikio, kisha anatolewa kituoni. Harage halitiliwi maji, litavimba. Betri bapa ya saa au ya rimoti, iwe puani, sikioni au imemezwa, haina kusubiri hata kidogo: ndani ya saa 2 inaweza kuwa imekwisha kuunguza. Na sikio lililoziba ghafla bila nta wala mafua lipelekwe ndani ya siku 3, kwa sababu dawa yake hufanya kazi mapema.

Ajali za bodaboda huleta yote kwa pamoja. Mgonjwa wa uso aliye macho na asiyelalamika shingo akae ameinama mbele, damu itoke nje. Maji meupe yanayochuruzika puani au sikioni baada ya kuumia kichwa msiyazibe kwa pamba, yanaweza kuwa ya ubongo. Jino la ukubwani lililong'oka lote lishikwe kwa taji (sehemu inayoonekana mdomoni), si kwa mzizi, lisuuzwe haraka bila kusuguliwa na lirudishwe kwenye tundu lake, au litiwe ndani ya maziwa na kufika kwa daktari wa meno ndani ya saa 1. La utotoni halirudishwi.

Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, gawaneni: ndugu mmoja aende polisi kuifuata, mwingine aende moja kwa moja na mgonjwa.