Robo toni inayosingiziwa

Kila tamasha la muziki mtakatifu la Fes, Moroko, likikaribia, swali ni lile lile: kwaya ya kanisa itaimbaje pamoja na Waislamu na Wayahudi, na muziki wa Kiarabu wote ni robo toni, sauti ziangukazo kati ya vitufe vya piano? Wote? Nani kasema?

Al-ala, muziki wa Kiandalusi wa Fes yenyewe, kwa sehemu kubwa hauna robo toni. Nuba zake 11, yaani misururu ya nyimbo, hazigombani na piano. Wayahudi wa Moroko wametia piyuti, nyimbo za ibada za Kiebrania, kwenye sauti hizo hizo, na katika mtindo wa matruzi Kiarabu na Kiebrania hupokezana ndani ya wimbo mmoja. Kwaya ikiingia hapo, kazi kubwa ni matamshi.

Ngazi ya Hijazi nayo husingiziwa. Anzia re: mi ishushe nusu toni, fa ipandishe nusu toni, malizia sol. Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanayo, wanaiita Ahava Raba. Piano inaipiga. Mpiga udi ataubana kidogo ule mwanya wa katikati; mwacheni.

Balaa huanza akija mwimbaji wa Aleppo, Syria, na ngazi yake ya Rasti. Kutoka do hadi mi ni kama senti 350, na nusu toni ya piano ni senti 100. Piano inakupa 300 au 400, chagua kosa lako. Wapiga kanuni wa Unguja, ile ala ya nyuzi nyingi, hawahitaji kuelezwa hili; waalimu wa kwaya ndio hunijibu "tutamfundisha aisahihishe." Asahihishe nini? Piano ishike do na sol tu, kwaya nzima iikwepe mi, mpiga kanuni ainue vibati vyake vya pembeni vinavyopandisha sauti. Sauti ya tatu ikijazia mi kwa mazoea, inamvuta mwimbaji na Rasti imekufa.

Nimesema "kama" 350. Mturuki huipandisha mi hiyo kuliko Mmisri, na mwimbaji yule yule huibadilisha katikati ya wimbo. Mabingwa wa muziki walikutana Cairo mwaka 1932 wakaachana bila kukubaliana juu ya ngazi moja. Mi hiyo naituni kwa kumsikiliza mwimbaji, na sina hakika kama hiyo ni mbinu au ni kukata tamaa.

Kanuni isituniwe hotelini. Bab Makina, penye jukwaa la tamasha, ni uwanja wa wazi: unyevu wa usiku hulegeza ngozi iliyo chini ya daraja linalobeba nyuzi, daraja likazama, na nyuzi zote 78 zikashuka. Tuni jukwaani, jua likishazama, tena kwa kufuata piano, maana yenyewe haitamfuata mtu.